Herufi Mbili za Sifuna

Sifuna amezikwa Kampala, na aliyemzika Kampala ni mimi. Sisemi nilishika jembe. Kaburi walichimba vijana wa mtaa wake wa Bwaise, wakakuta maji kabla ya kufika kiunoni, wakahama mahali mara mbili. Nasema kwamba mzee alitaka kulala kwao, chini ya Mlima Elgon, kando ya kaka yake, na njia ya kufika huko ilikuwa moja tu, nayo ilipita mdomoni mwangu. Niacheni niseme kwa mpangilio. Na mtu asinionee huruma katikati, maana huruma inanikera kuliko matusi.

Jina langu ni Rosebella. Baba yangu alikuwa Oduor, Mjaluo wa Alego, mtu wa reli. Mimi nilizaliwa hapa hapa Kampala, katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nsambya, nikacheza na watoto wa Waganda, Waacholi, Waluhya na wengine ambao hata wazazi wao hawakukubaliana ni watu gani. Kiswahili changu kilikuwa cha uani, cha kuazima. Hiki ninachosimulia nacho leo nimekipata ukubwani, kwa aibu, na mtaelewa kwa nini.

Baba alikuwa katika gengi la kutengeneza njia, watu wa nyundo, mtaimbo na mataruma. Upande wa Kenya, huko milimani, palikuwa na mahali ambapo reli ilipita ndani kabisa ya mlima. Kwenye ramani handaki hilo lilikuwa na jina la mzungu fulani. Watu wa gengi waliliita Koo, kwa sababu lilimeza treni nzima na kuitema upande wa pili ikikohoa moshi. Lilichimbwa zamani, enzi ambazo hata babu yangu alikuwa hajaona treni, na lilivuja mwaka mzima. Basi kila mwaka gengi liliingia kuondoa mawe na kubadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayobeba reli.

Ndani ya Koo huoni hata mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Wakimaliza kazi, kabla ya mwenye bendera kuruhusu treni, mwimbishaji alisimama nje mlangoni akamwita kila mtu kwa jina, kwa wimbo. "Oduor yuko wapi?" Na Oduor mwenyewe akaitika, "Niko nje!" Akaita wa pili, wa tatu, mpaka wakaisha, kisha akarudia tangu mwanzo, maana mara moja haikutosha. Jina lisipoitikiwa, treni haipiti, watu wanarudi gizani kutafuta. Ndiyo hivyo tu, wimbo wa kuhesabu watu. Mwimbishaji alikuwa mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka, na wenzake walimwita Mpwani.

Mwaka wa sitini na moja, mwaka wa zile mvua kubwa, mlima ulishuka ndani ya Koo. Watu kumi na mmoja walikuwa ndani. Waliotolewa wazima ni wawili, na mmoja wao ni Mpwani, mguu umevunjika. Baba yangu hakutoka. Mpwani alipopata nafuu akaugeuza ule wimbo. Akawaita wale wale, kwa mpangilio ule ule, ila sasa walioitika walikuwa wenzao waliobaki:

Oduor yuko wapi? Yuko ndani.
Simiyu yuko wapi? Yuko ndani.
Sifuna yuko wapi? Alitukimbilia.

Simiyu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa kaka yake Sifuna, na Sifuna ndiye aliyemtafutia kazi. Siku ile Sifuna alikuwa nje kwenye toroli la vifaa. Aliposikia mlima unanguruma, wengine wote walikimbia kuja huku. Yeye akakimbia kwenda kule. Alitukimbilia, yaani alikuja mbio kwetu sisi tuliofukiwa. Alichimba kwa mikono akamtoa Mpwani. Akarudi, akamtoa wa pili. Akarudi tena, na udongo ukashuka mara nyingine, ukakaa katikati yake na Simiyu. Alimsikia Simiyu akiita upande wa pili. Alimsikia mpaka akaacha kuita.

Hayo niliyajua nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla ya hapo nilijua kitu kingine.

Mama aliimba wimbo ule akifua nguo. Kiswahili kilimpiga chenga mama yangu, alizungumza Kijaluo, na maneno aliyatafuna nusu akameza nusu. Sisi watoto wa Nsambya tuliuchukua kwake tukaupeleka uwanjani. Na Kiswahili chetu cha Kampala, mnakijua wenyewe. Hatuna muda na vitenzi virefu. Mtu akitoroka askari, amekimbia. Mtoto akienda mbio kwa mama yake, amekimbia mama. Vyote ni kukimbia, utajua mwenyewe huyo anaelekea wapi. Basi ile "li" ya mwishoni tukaitupa, hata hatukuona kwamba tumetupa kitu. Sifuna yuko wapi? Alitukimbia. Wengine waliweka r pale pa l, "aritukimbia," tukacheka, tukaendelea kuruka kamba.

Banange! Herufi mbili tu. Mtu aliyekimbilia ndani ya mlima akawa mtu aliyetoroka akamwacha baba yangu.

Mkiniuliza kwa nini sikumwuliza mama, nitawauliza nyinyi: nani humwuliza mama yake maana ya wimbo wa kufulia? Mama alikufa mwaka wa sabini na tisa, wakati wa vita ile, na hatukuwahi kuongea habari ya Koo hata siku moja. Nilikuwa na jina la mtu wa kumchukia, likanitosha. Nilimchukia Sifuna nikiwa bado naota meno ya ukubwani. Nikitaka kumtukana mtoto mwenzangu kwa uoga, nilimwita Sifuna.

Baada ya vita ya themanini na sita, watu walipoanza kucheka tena, nilianza kuimba katika ukumbi mmoja mtaa wa Kabalagala. Sauti ninayo, hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Mpiga gitaa wangu alikuwa Zéphyrin, Mkongo wa Bunia, mtu mpole anayevaa tai hata kwenye mazoezi. Siku moja nilimwimbia wimbo wa Koo kwa mchezo tu. Akasema tuuweke ngoma. Tukauweka ngoma, na mwaka wa tisini na nne tukatoa kanda.

Wimbo ulishika mji. Mliusikia kila saluni, kila duka la mayai. Ila tangu siku ya kwanza Zéphyrin alikuwa na lalamiko lake moja. "Dada Rose, huu mstari wa Sifuna unachechemea. Mingine yote imejaa, huu una shimo." Mimi nikamwambia ajaze, ndiyo kazi yake. Akajaza kwa kamba nyembamba ya gitaa: "Alitukimbia," *ting*. Na watu wakaipenda hiyo *ting* kuliko wimbo wenyewe! Wacheza dansi walibuni mtindo. Ikifika pale, wote wanageuka, wanakimbia hatua tatu kuelekea mlangoni, wanarudi wakicheka. Hata maharusi walikimbia Sifuna. Nami nilisimama mbele yao na kipaza sauti, roho imetulia, nikijua kwamba hatimaye mji mzima unamtukana mtu aliyeniachia uyatima.

Basi akaja.

Ilikuwa mchana, mwaka wa tisini na sita, tuko mazoezini na viti bado vimepandishwa juu ya meza. Akaingia mzee mmoja mrefu, koti la kaki, kofia mkononi. Alitembea kwa hatua fupi fupi zilizolingana. Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa reli wa zamani wote hutembea hivyo, miguu imezoea kukanyaga taruma hadi taruma.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, maana adabu nilifunzwa.

"Marahaba, mama. Ndiye wewe unayeimba Koo?"

"Ndiye mimi. Kama ni kanda, ziko dukani pale mbele."

"Sitaki kanda. Nimekuja kuomba urudishe herufi mbili."

"Herufi gani tena?"

"Li. Umeiacha. Ni alitukimbilia. Wewe unaimba alitukimbia."

Nikacheka. "Na wewe ni nani, mzee, hata uje kunifundisha wimbo wa marehemu baba yangu?"

"Mimi ni Sifuna," akasema.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilimmwagia. Haikuwa ya moto, sifa hiyo peke yake nitajipa. Nikapiga kelele, "Toka! Kimbia! Si ndiyo kazi yako?" Zéphyrin alinishika mkono, nikamsukuma na yeye. Mzee alijipangusa uso kwa kofia, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyozidi kuniudhi. Kisha akasema, "Oduor alikuwa na mwanya hapa mbele. Akicheka aliuziba kwa ulimi, alikuwa anauonea haya." Akageuka akaenda zake na hatua zake fupi.

Nilikuwa nimeusahau mwanya wa baba. Nilikuwa na miaka sita alipokufa, na picha yake hatukuwa nayo. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu.

Zéphyrin hakunibembeleza, ananijua. Alisema tu, "Imba huo mstari. Utie hiyo li ya mzee." Nikakataa. Akaniomba tena. Nikaimba kwa ukali ili anyamaze: a-li-tu-ki-mbi-li-a. Vidole vyake vikatafuta mahali pa kuweka *ting*, vikakosa. Pamejaa. Akaiweka gitaa chini. "Dada Rose," akasema, "miaka miwili nimekuwa naziba tundu la neno la mtu."

Nilimnunia siku tatu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Siku ya nne nikaenda Bwaise, ule mtaa wa mafuriko, ambako mlinzi wa ukumbi alinielekeza.

Sikupata shida kumpata. Nilimwuliza fundi wa kwanza, akanionyesha kwa kidevu: yule mzee wa sigiri, nyuma ya mfereji. Alikuwa anatengeneza majiko ya makaa kwa mabati ya kuokota, akigonga kwa nyundo ya reli yenye mpini mfupi. Chumba chake kilikuwa na alama ya maji ukutani, juu ya magoti, na kitanda kimeinuliwa kwa matofali matano kila mguu. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikuwa na kucha. Niliviona, sikuuliza.

Hakujitetea. Alinisimulia yale niliyowasimulia nyinyi, kwa maneno machache kuliko yangu. Baada ya Koo hakuweza tena kuingia mahali penye paa la mawe, basi wakamhamishia reli ya Kasese, kwenye nchi iliyo wazi. Mke alimfia huko, mtoto hawakujaliwa. Jumuiya ilipovunjika kazi ikaisha. Vita ya mwisho ikamsukuma mpaka Bwaise, na Bwaise ikamtosha. Miaka yote hiyo hakudai kitu kwa mtu. Alikuwa na jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika arudishwe nyumbani.

"Nyumbani hakuna aliyekukataza," nikasema.

"Kulikuwa hakuna. Sasa yupo." Kifua kilimbana, akangoja kipite. "Shemeji yangu Teresa, mama yake Simiyu. Kaka yangu alikwisha kufa, yeye ndiye mkubwa wa boma. Kanda yenu ilivuka mpaka pale Malaba, ikafika sokoni kwao. Amenitumia neno: mtu aliyemkimbia mwanangu hatalala kando ya baba yake."

"Lakini si aliusikia ule wa kwanza? Wa Mpwani?"

"Aliusikia. Mpwani alikuja matangani na magongo yake, akauimba mbele ya watu wote. Teresa wakati ule hajui Kiswahili hata neno moja." Akatazama mikono yake. "Aliyemfasiria ni mimi."

Nikaelewa. Mama wa watu alikuwa amekaa miaka thelathini na mitano na neno alilopewa na Sifuna mwenyewe kumhusu Sifuna mwenyewe. Halafu akajifunza Kiswahili cha sokoni, akanunua redio, na sauti ya mwanamke wa Kampala ikamwambia kwamba alidanganywa. Sauti yangu mimi. Nilijisikia vibaya, na nikijisikia vibaya huwa naahidi mambo makubwa. Nilimwahidi Sifuna kwamba wimbo utarudi ulivyokuwa na kwamba atazikwa kwao, hata kama ni mimi nitakayembeba mgongoni. Akatabasamu kidogo. Alinifungia sigiri moja nipeleke nyumbani.

Tulirekodi upya. Jamaa wa redio akausikiliza, akasema, "Mama, huu umepoa. *Ting* iko wapi? Watu wanataka ule." Nikamwita majina ambayo sitayarudia hapa. Basi nikabaki na watu wangu wa Kabalagala. Kila wiki nilisimamisha ngoma pale pale penye neno, nikawafundisha mmoja mmoja, walevi na wazima. Nani anakimbia? Sifuna. Anakimbilia wapi? Ndani! Haya semeni. Mwanzoni walininung'unikia. Mhudumu wetu mmoja, Kulusum, akaanza kuwazomea wanaokimbilia mlangoni. Wakageuza mtindo wenyewe, wakawa wanakimbia hatua tatu kuja mbele, kwangu. Baada ya miezi miwili ukumbi mzima uliimba sawa. Waganda walisema "aritukimbiria" kwa r zao zote, nami sikujali, mradi hakuna kilichopungua. Sifuna alikuja mara moja kusikiliza. Alikaa karibu na dirisha, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mpwani angefurahi." Siku hiyo nililala vizuri.

Wakati huo kifua chake kilikuwa kimekuwa kibaya. Alikuwa akigonga bati mara tatu, anapumzika.

Kisha Teresa akaja Kampala kutibiwa jicho. Alifikia Mbuya, kwa binti yake aliyeolewa huko. Sifuna alimtumia salamu, naye Teresa akakubali kuja Bwaise, nami nikaitwa. Nilikuta mwanamke mzee amekaa wima kwenye kile kiti kimoja, jicho moja limefungwa pamba, mkoba umewekwa magotini. Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali, ningejua la kufanya.

Nilimwimbia pale pale bila gitaa, neno kwa neno, na ile "li" nikaiweka wazi kabisa. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Kanda yako ninayo, mwanangu. Sauti ni hii hii."

"Nilikosea, mama. Kiswahili chetu cha huku kina makosa."

"Ulikosea miaka miwili?"

"Nilikosea tangu utoto."

"Na ukajua kosa lini?"

Nikamwangalia Sifuna. "Alipokuja kuniambia."

"Ehee," Teresa akasema. "Ule wa kwanza nilifasiriwa na yeye. Huu wa leo naimbiwa na wewe, baada ya yeye kuja kwako. Yule Mpwani amekufa. Niulize nani mwingine?"

Sifuna akageuzia uso mlangoni. Nadhani alikuwa amechoka kujifasiri. Mimi ndiye niliyeropoka. Nikamwambia kuna ukumbi mzima unaoimba hivyo, Jumapili mchana aje ajisikilizie. Teresa alifikiri. "Nitakuja," akasema. "Uimbe mbele ya watu wote, kama unavyoimba siku zote. Nikiusikia kama ulivyouimba hapa, basi nitakubali kwamba nilikuwa na mashaka ya bure, na shemeji aje nyumbani mwezi ujao tuonyeshane mahali pake." Alimgeukia Sifuna. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia, shemeji," Sifuna akajibu. Akaikalia mikono yake.

Jumapili ile walikuja kabla ya saa tisa. Kulusum aliwawekea meza ya mbele. Sifuna alikuwa amepiga pasi lile koti la kaki na kunyoa ndevu, shingoni pana damu kidogo. Teresa aliagiza soda, hakuinywa. Ukumbi ulijaa, maana watu wangu walikuwa wameambiwa ni siku gani. Nilikuwa na furaha. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitavaa nini siku ya kwenda huko Elgon.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda kama maji. Oduor yuko wapi? Yuko ndani! Simiyu yuko wapi? Yuko ndani! Teresa aliweka kiganja mdomoni. Sifuna yuko wapi? Tukajibu sote, mimi na ukumbi mzima: Alitukimbilia! Wacheza dansi wakaja mbele hatua tatu. Nilimwona Teresa akimwinamia Sifuna, akamwambia kitu, na Sifuna akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Wimbo wa Koo huitwa mara mbili. Ningeuacha pale, ningekuwa nazungumza nanyi habari nyingine leo. Lakini ndivyo ulivyo, majina yanaitwa mara mbili, na ngoma ilishaanza kurudi.

"Oduor yuko wapi?" nikaita.

"Yuko ndani!" wakaitika.

Sijui kilichonipata. Nimeimba mstari huo maelfu ya mara, ukawa maneno tu. Siku ile niliusikia. Nilimwona baba, uso wake, mwanya wake, ulimi ukiuziba, na nikaelewa kwamba yuko ndani kweli, mpaka leo yuko ndani, na udongo juu yake, na hakuna aliyemtoa. Nilifumba macho. Nikaita Simiyu, sijui niliitaje. Machozi yalikuwa yananitoka, na mimi nina miaka sita na nataka baba yangu. Nikaita, "Sifuna yuko wapi?"

Na mdomo wangu ukajibu, "Alitukimbia."

Zéphyrin hakupiga *ting*. Alikuwa ameacha kuipiga siku nyingi. Kwa hiyo kila mtu alisikia. Watu wote mule ndani waliimba sawasawa, hata yule mlevi wa pembeni aliimba sawasawa, na mimi peke yangu, mwenye kipaza sauti, nilimaliza kabla yao. Nikanyamaza, wao wakamalizia: "…lia." Kisha ngoma ikafa.

Teresa alisimama. Alikuja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono ilikuwa ya upole. "Usilie, mwanangu," akaniambia. "Hawa umewafundisha. Wewe umesema la moyoni. Nakushukuru." Nikaanza kueleza, nikachanganya Kijaluo na Kiganda na sijui nini. Alinipigapiga mkono kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Binti yake alikuwa ameshachukua mkoba. Walitoka kwa mlango wa mbele, na kesho yake alipanda basi kurudi kwao.

Sifuna alikuwa bado amekaa. Nilimwendea, nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya bia.

"Baba, ulimi uliteleza. Haki ya Mungu, ni ulimi tu. Kesho nitamfuata. Nitamfuata mpaka Malaba."

"Najua, binti wa Oduor. Inuka."

Sikuinuka. Hakuwa amekasirika, na hata sasa natamani angenimwagia ile soda.

"Nikuulize jambo moja," akasema. "Mwache shemeji. Mwache Mpwani. Wewe mwenyewe, unaamini niliingia?"

Nilimjibu ndiyo. Nilisema, "Ndiyo, baba, naamini." Na niliamini, nilikuwa nimeviona vile vidole! Lakini nilikuwa nimemchukia miaka thelathini na mitano, na chuki ile ilikuwa mwilini, haikuwa imepata habari kwamba mimi nimebadilika. Jibu lilichelewa. Lilichelewa muda wa mtu kumeza mate, si zaidi, na yeye alikuwa ananitazama.

Akatikisa kichwa polepole. Akachukua kofia yake mezani.

"Haya," akasema. "Basi mtanizika hapa hapa."